Akiba ya Umri

Wiki iliyopita nilipita Kiserian, nyuma ya soko la mbuzi, mahali ambapo vijana hubabua vichwa kwa moto wa kuni. Niliyekuwa naye garini alifunga kioo haraka na kuziba pua. Mimi nilifungua cha upande wangu. Akanitazama kama mtu asiye na adabu, nami sikumweleza kitu. Kuna watu ambao utoto wao unanuka maandazi, wengine maziwa ya kibuyu, wengine vumbi likipigwa na mvua ya kwanza. Wangu unanuka manyoya ya mbuzi yakiungua, na sijawahi kuutafutia manukato ya kuuficha.

Tulikaa Kitengela, mimi na mama, kwenye chumba cha mabati umbali mfupi kutoka kichinjioni. Mama alinunua vichwa na miguu ya mbuzi, akavibabua nje kwenye moto, akavikwangua kwa kisu mpaka ngozi ikawa ya kahawia na laini, akavipasua kwa shoka ndogo na kuvichemsha kwenye sufuria kubwa. Kufikia saa nne asubuhi benchi lilikuwa limejaa: madereva wa malori, watu wa kuchonga mawe, wazee waliokuwa wameleta mbuzi sokoni. Wote walimwita Mama Supu. Wazee wa Kimaasai walifika wakasalimia, "Supa," na nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani wanaagiza. Mzee akisema supa, mimi nakimbia kuleta bakuli. Hakuna aliyelirudisha.

Shuleni watoto waliziba pua nikipita. Nilimwambia mama siku moja, nikitarajia atanionea huruma. Alikuwa amechuchumaa akigeuza kichwa kwenye moto, na hakuinua macho.

"Wakikuuliza unanuka nini, waambie ni nauli," alisema.

Nikawaambia hivyo. Hawakuelewa, na mimi mwenyewe sikuelewa vizuri, lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayeelewa. Wakaniacha.

Baba yangu alikuwa mtu wa Isiolo, dereva wa lori la mbuzi. Mama alikuwa binti wa Kimaasai, amezaliwa nje ya mji wa Kajiado, kwenye boma la watu wa kanisa. Alipoolewa na baba aliingia Uislamu, na ndugu zake wakakaa mbali naye. Mimi nilikuja baada ya miaka mingi, wakati watu walikuwa wameshaacha kuuliza kama atazaa. Nilikuwa na miaka mitano baba alipougua homa na kufariki kabla wiki haijaisha. Nakumbuka mikeka, kahawa, na watu wakimwambia mama neno moja, mmoja baada ya mwingine: "Umri wake ulikuwa huo. Umri wake ulikwisha."

Nililishika neno hilo. Nilifikiri umri ni kitu kinachowekwa mahali, kama unga kwenye debe, na baba hakuwa ameangalia debe lake.

Muda si mrefu baada ya hapo, nilimsikia mama akimwambia jirani yetu kwamba ameanza kuweka pesa ya Umra. Mimi nilisikia umri. Na hapo mambo yote yakanikaa sawa kichwani. Mama alikuwa ameona yaliyompata baba, na sasa ananunua umri wake mapema, kidogo kidogo, ili usije ukamwishia. Sikumuuliza mtu yeyote. Mambo ya kufa hayakuulizwa nyumbani kwetu.

Namna alivyoiweka pesa hiyo ndiyo iliyonifundisha hesabu kabla ya mwalimu. Mama hakuhesabu kwa shilingi. Alihesabu kwa vichwa. Siku ya kawaida tuliuza sita. Faida ya viwili ilikuwa chakula. Ya viwili, kodi na shule. Viwili vilivyobaki vilikuwa vya Umra, na havikuguswa hata wageni wakija. Kila Ijumaa alasiri alioga, akavaa buibui lake la pekee, akapeleka pesa benki, na njiani kurudi tulipiga hesabu.

"Pasipoti ni vichwa tisini," angesema. "Hiyo ni muda gani?"

"Mwezi mmoja na nusu," nilimjibu siku moja, nikihesabu kwa vidole.

"Chanjo na viza, miezi mingine minne. Na tiketi ya ndege?"

Tiketi ilikuwa kubwa kuliko vidole vyangu. Halafu kulikuwa na hoteli. Hoteli ya karibu na msikiti ilikula vichwa vingi mno. Ya mbali, ya kutembea kwa miguu kila sala, ilikuwa karibu nusu. Mama alichagua ya mbali bila kufikiri. "Miguu ninayo," alisema. Mimi nilisikia haya yote, ndege, hoteli, pasipoti, na bado sikutoka kwenye imani yangu. Niliona ni sawa tu kwamba umri unauzwa mbali. Kitu kama hicho kingepatikana vipi Kitengela?

Kwa hivyo nilianza kusaidia kwa njia zangu. Shule ilipopanga safari ya kwenda kuona wanyama, sikumpa mama barua. Sweta lilipotoboka kiwikoni, nilisema napenda upepo. Ukiijua Kitengela mwezi wa saba, baridi ikitoka kwenye ile nyika bila mti wa kuizuia, utajua huo ulikuwa uongo mkubwa. Mama alipokohoa, nilihesabu. Akikohoa mara nyingi sana, nilikataa chakula cha jioni na kusema tumbo limejaa, ili kesho kiuzwe. Kuna wiki moja niliokota shilingi kumi nyuma ya duka na kuisukuma kwenye pochi yake bila yeye kuona, nikajisikia kama nimempa mama siku nzima.

Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, alikuwa na duka la vipuri vya magari karibu na barabara ya Namanga. Sitaki kumfanya mtu mbaya. Baba alipofariki alitulipia kodi miezi miwili na kuninunulia viatu vyeusi ambavyo nilivaa mpaka vidole vikatokeza. Lakini aliamini kwamba mama, bila mume, atarudi kwao na kwa kanisa lao, na kila mwaka aliobaki ulimshangaza, kisha ukamuudhi. Hakujua afanye nini na mwanamke aliyebaki bila kubembelezwa.

Mama alipokwenda kuuliza msikitini safari za vikundi huondoka lini, habari zilimfikia. Nilikuwa karibu na miaka minane. Alikuja Jumapili mchana na wazee wawili wa msikiti, watu wapole, wakaketi kwenye benchi la wateja. Mama aliwapa chai. Mimi nilikuwa mlangoni nikichambua mboga.

"Shemeji," baba mdogo alianza, "tumesikia uko na pesa."

"Niko na pesa kidogo."

"Ya Umra."

"Ya Umra."

Akapiga chai funda moja. "Hilo ni jambo zuri. Sasa, sisi tumekaa tukafikiria. Marehemu hakuwahi kwenda. Mimi ndugu yake pia sijaenda. Mwanamke hawezi kusafiri peke yake, hiyo unajua. Pesa ya watu wawili hauna. Kwa hivyo nikienda mimi, nifanye yangu, kisha nimfanyie na yeye. Thawabu inabaki kwa familia."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa umesaidia. Hiyo nayo ni thawabu. Tena wewe dini umeingia juzi, huna haja ya haraka."

"Juzi ni miaka kumi na minane," mama alisema.

Mmoja wa wazee alitazama kikombe chake. Baba mdogo akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo rahisi: mtoto anahitaji shule, mwaka ni wa ukame, mwanamke mjane kwenda nchi za watu atasemwa. Mimi sikuwa nasikia tena. Nilichosikia ni kwamba baba mdogo ametumia umri wake wote bila kuweka hata kidogo, na sasa amekuja na mashahidi kuchukua wa mama.  Mama alikuwa akitazama mikono yake, ile mikono yenye alama za moto, na nilidhani atakubali.

Nikasimama. Mboga zikamwagika.

"Baba mdogo, tafuta umri wako," nilisema. "Huo ni wa mama. Mimi nimeacha kula ndio upatikane."

 Mzee aliyekuwa akitazama kikombe akamuuliza mama taratibu, "Mtoto anasema nini?"

Nilimwona mama akielewa. Ilimchukua muda. Macho yake yalikwenda kwenye kiwiko cha sweta langu, yakakaa hapo, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijawahi kukiona tena. Halafu aliwageukia wale wanaume.

"Mtoto amejibu," alisema. "Kunyweni chai."

Walimaliza chai wakaondoka. Yule mzee mpole aliweka pesa ya chai kwenye benchi ingawa hakuulizwa. Baba mdogo alisimama barabarani kidogo, kisha akarudi hatua mbili na kusema, "Tutaona ni nani atakuandikia ruhusa." Ndipo akaenda.

Mama aliokota mboga pamoja nami, akanikalisha, akanieleza. Umra si umri. Umra ni kwenda Makka, kuizunguka Kaaba, kutembea baina ya vilima viwili, kuomba na kurudi. Alieleza vizuri, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyokasirika. Miaka mitatu ya kuganda kwa baridi, kumbe ni safari.

"Kwa hivyo utakufa?" nilimuuliza.

"Nitakufa."

"Kama baba?"

"Kama kila mtu. Lakini kwanza nitakwenda."

Kesho yake alininunulia sweta jipya. Alilitoa kwenye vichwa vya chakula, si vya Umra, na tulikula ugali na mboga wiki nzima. Sikulalamika. Nilikuwa bado na hasira, lakini ilikuwa imegeuka upande. Kama pesa ile haikuwa ya kumfanya asife, basi ilikuwa ya kumfanya afike, na nilitaka afike kwa sababu tu baba mdogo hakutaka.

Pesa ilipokaribia kutimia, mama alinipeleka kwenye ofisi ya wakala wa safari, ghorofani juu ya duka la mabomba. Dada aliyekuwa pale alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini na kalamu tatu mezani. Alichukua kitambulisho cha mama akakisoma.

"Umri, arobaini na sita," alisema. "Sawa. Umri unatosha."

Nilikuwa nimeshaelezwa tofauti, lakini maneno hayo yalinipita mwilini kama maji ya moto.

"Unatosha kwa nini?" mama akauliza.

"Mama wa miaka arobaini na tano kwenda juu anaruhusiwa kwenda na kikundi cha akina mama. Si lazima awe na mwanamume wa kumsindikiza. Ila tunahitaji barua kutoka kwa maharimu wako, aseme hana pingamizi."

"Shemeji yangu amekataa."

Dada akainua kichwa. "Shemeji si maharimu wako, mama. Maharimu ni baba, kaka, mtoto wa kiume. Shemeji hawezi kukupa ruhusa, na hata kukusindikiza haifai. Hakukwambia?"

Mama alicheka. Si kicheko cha furaha, ni kile kinachotoka puani. Baba mdogo alikuwa amezaliwa kwenye dini hiyo, na alikuwa amemwita mama mtu wa juzi. Tuliposhuka ngazi alikuwa bado anacheka, lakini barabarani akanyamaza, kwa sababu baba yake alikuwa ameshafariki, mimi mtoto wake nilikuwa msichana, na kaka alikuwa naye mmoja tu, ambaye hawakuwa wameongea tangu harusi.

Mjomba alikuwa mzee wa kanisa. Tulimkuta kwenye kisima cha kuchimbwa, nje ya mji wa Kajiado, katika ule ukame ambao watu walikuwa wakiuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Ng'ombe wake walikuwa wamesimama kwenye foleni, mbavu zinahesabika. Alimwona mama kwa mbali, na hakuja. Alimsalimia kwa kichwa, akaendelea kunywesha. Tulisimama juani mpaka ng'ombe wa mwisho akanywa. Mama hakuketi, ingawa kulikuwa na jiwe. Nilitaka kumwambia turudi, lakini nilipomtazama niliona amejipanga kusimama hapo mpaka mvua inyeshe.

Mwishowe alikuja akifuta mikono kwenye shuka lake. Alinitazama mimi kwanza.

"Huyu ndiye mtoto?"

"Ndiye."

"Amefanana na mama yetu." Kisha, "Unataka nini, Nashipae?"

Sikuwahi kumsikia mtu akimwita mama jina hilo. Alimweleza, kwa ufupi, na kumpa karatasi. Mjomba aliisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Inasema nini?"

"Inasema huna pingamizi."

"Lakini niko na pingamizi."

"Najua."

"Niko na pingamizi tangu siku ile uliondoka nyumbani. Nimeombea hiyo pingamizi kanisani, mbele ya watu." Alitazama ng'ombe wake waliokuwa wakiondoka polepole na vumbi lao. "Hiyo pesa ni nani alikupatia?"

"Ni vichwa."

"Vichwa gani?"

"Vya mbuzi. Nauza supu. Miaka minne sasa."

 Mjomba alikuwa mchungaji wa mifugo, alijua kichwa cha mbuzi kina thamani gani, na alijua miaka minne ya hivyo ni mbuzi wangapi. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Leta kalamu," alisema.

Aliweka karatasi kwenye paja akaandika jina lake kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayechonga. Akamrudishia mama na kusema bado ana pingamizi, na kwamba mtoto atakaa kwake mpaka mama arudi, kwa sababu hawezi kuachwa na watu wa vipuri.

Bado haikwisha. Bei ilipanda wiki chache kabla ya kulipa. Dada wa ofisi alieleza kwamba dola imepanda. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza dola ni mbuzi wa nani, akarudi nyumbani na kuongeza vichwa viwili kwa siku. Miezi minne mikono yake haikupona. Alikuwa akibabua mapema, anauza, anababua tena mchana. Akilala akiwa ameketi, nilimtoa kisu mkononi. Baba mdogo alipita pale mara kadhaa akisimamisha pikipiki ng'ambo ya barabara. Mama alimwinulia mkono wa salamu kila mara. Hakuwahi kuacha kumsalimia, na nilijifunza baadaye kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alikwenda. Alivaa viatu vya plastiki na buibui lile lile, kati ya akina mama wengine kumi na mmoja, na sanduku la kuazima. Mimi nilikaa siku kumi na mbili kwa mjomba. Kabla ya chakula mjomba aliomba kwa Kimaasai, kirefu, na jioni ya kwanza nilisikia jina Nashipae katikati ya maombi. Nikaomba na mimi langu, kwa Kiarabu kile kidogo nilichofundishwa madrasa. Mjomba alifungua jicho moja, akanitazama, akalifunga. Chakula kikaliwa.

Mama aliporudi alikuwa amekonda na miguu imevimba, kwa sababu hoteli ilikuwa mbali kuliko alivyoambiwa. Nilimuuliza kulikuwaje. Nilitarajia dhahabu na malaika. Alisema kulikuwa na watu wengi kuliko siku ya soko, na kwamba alipoiona Kaaba mara ya kwanza alisahau dua zote alizokariri, akasimama tu akasema, "Nimekuja." Alisema mara nyingi, mpaka mama mmoja wa kikundi akamshika mkono wasonge mbele. Siku ya tatu baada ya kurudi alikuwa nje anawasha moto, na wazee wakaja wakasema supa.

Aliishi miaka kumi na saba tena. Nilisoma kwa vichwa hivyo hivyo, sekondari mpaka chuo, na sasa nakaa Rongai, na watu wakisikia nilivyolelewa huniambia pole. Siichukui. Sikulelewa kwa msiba.

Mama alizikwa mwaka jana. Siku ya tatu ya tanga, baada ya dua, wanaume walikuwa upande mmoja wa turubai na sisi wanawake upande wa pili, nyuma ya shuka zilizotundikwa. Mjomba alikuwa kule kwa wanaume, mzee sana sasa, kofia yake ya kanisani magotini. Baba mdogo akapewa nafasi ya kuongea. Alisema maneno mazuri, na mengine yalikuwa ya kweli. Kisha akasema kwamba familia haikumwacha mjane wa ndugu yao, na hata Umra ilimpeleka, jambo ambalo familia nyingi hapa hazijafanya.

Wanawake waliokuwa karibu nami walijua. Mmoja alinishika kanga. Nilijua pia kwamba mtoto wa kike hasimami kwenye tanga akamkatiza baba yake mdogo, mzee wa miaka sabini, mbele ya msikiti mzima. Nilisimama. Nikasogeza shuka.

"Baba mdogo, nisamehe," nilisema. "Hakupelekwa. Alikwenda."

Alinitazama. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake. Nikataja vichwa kwa siku. Nikataja miaka. Nikataja aliyeandika barua, na watu wakageuka kumtazama mjomba, ambaye hakuinua uso.  Nilipomaliza, kuna mtu alinivuta chini, na mwingine akasema imetosha, kaa, mama, kaa sasa.

Sikukaa. Nilisimama pale mpaka baba mdogo akaketi.